Kiti cha Teremka Tukaze

Katika chuo kimoja ninachokijua vizuri, maana ndimo ninamopatia riziki yangu, katibu muhtasi wa idara alipelekewa barua ya kumtaka ajieleze. Kosa lake halikuwa kuchelewa kazini, wala kupoteza jalada, wala kumjibu mkubwa vibaya. Kosa lake ni kwamba alikitengeneza kiti chake. Kiti hicho kilikuwa kikizama. Asubuhi alikaa macho yake yakiwa sawa na kioo cha kompyuta, na kabla ya saa nne kidevu chake kilikuwa kimekwisha kuikaribia meza. Aliomba kiti kingine kwa maandishi mara tatu, akangoja zaidi ya mwaka. Kisha akaleta kutoka nyumbani kwake kipande cha bomba la plastiki, akakipasua ubavu, akakivika kwenye nguzo ya kiti, na kiti kikaacha kuzama. Barua ilisema kwamba amebadili umbo la mali ya taasisi pasipo idhini.

Nitasema waziwazi tangu mwanzo, ili msomaji asipoteze wakati wake akitafuta nimesimama upande gani. Mama huyu alifanya jambo jema, na barua ile ni mbaya. Lakini sikushika kalamu ili niwagombeze watunza stoo peke yao. Waliokosa zaidi ni sisi tuliosoma: tuliisikia habari ya barua ile, tukacheka, tukaenda kunywa chai.

Kwanza nizungumze juu ya kitanda, kisha nitarudi kwenye kiti. Wazee wa pwani walikuwa na kitanda cha kamba, nacho walikiita "teremka tukaze". Kilikuwa na matendegu manne na mifumbati ya mti, na katikati yake kamba zilizosukwa zikapishana. Kila aliyewahi kukilalia ajua tabia yake. Kamba hulegea kwa uzito wa mtu, kitanda huingia bonde, na wanaolala wawili hukutana katikati wakitaka wasitake. Hapo mmoja humwambia mwenziwe: teremka, tukaze. Sikitaji kitanda hiki kwa kuyaonea kiu mambo ya zamani. Kunguni wake nawajua. Nalitazama jina lake tu. Waliolitunga hawakukiita kitanda kwa mti wake wala kwa fundi wake. Walikiita kwa kasoro yake na kwa dawa ya kasoro hiyo, vyote viwili kwa pumzi moja. Tena kitenzi cha kwanza ni cha mtu mmoja, na cha pili ni cha wengi. Aliyelala hafukuzwi kitandani. Ateremka ili naye ashike kamba. Wala sijapata kusikia kwamba mtu alitakiwa ajieleze kwa sababu alikaza kamba za kitanda.

Kiti cha ofisi cha siku hizi ni ndugu wa kitanda kile, ila kimevaa suti. Nacho hulegea kwa uzito wa mtu, nacho hutaka mtu ateremke kikazwe. Tofauti ni kwamba kulegea kwake kumefichwa ndani ya chuma, na jambo lililofichwa ndani ya chuma sisi wasomi hulihesabu kuwa siri ya wazungu au ya mafundi, yaani si letu.

Hapana siri. Watu wengi, na baadhi ya mafundi wenyewe, huiita nguzo ile ya katikati "haidroliki". Jina hilo halisemi kweli, kwa maana haidroliki ni nguvu ya kimiminiko, na kiti hiki hakipandi kwa mafuta wala kwa maji. Hupanda kwa gesi ya naitrojeni, ambayo ni kama sehemu 78 katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, iliyoshindiliwa ndani ya mtungi mwembamba. Ndani ya mtungi mna pistoni, nayo imeugawa mtungi vyumba viwili. Juu yake, chini kabisa ya kikalio, pana kitufe kidogo kinachofungua vali. Ukiuinua wenzo ulio ubavuni mwa kiti, wenzo hukibonyeza kitufe, vali hufunguka, na gesi hupita kutoka chumba kimoja kwenda cha pili. Kama hukukikalia, kiti hupanda. Kama umekikalia, uzito wako hukishusha. Ukiuachia wenzo, vali hujifunga, na gesi iliyofungiwa hukubeba. Ajabu ya chombo hiki ni ndogo kuliko ajabu ya pampu ya baiskeli, na mtoto wa darasa la saba aweza kuielewa kwa mchoro mmoja ubaoni.

Kinachoizuia gesi isipenye ni mpira tu. Mpira huzeeka, vumbi huukwaruza, nao huacha kubana. Gesi hujipenyeza kidogo kidogo, nawe hushuka kidogo kidogo, kwa adabu kubwa, pasipo kelele yoyote. Mimi mwenyewe nilishushwa hivyo siku moja nikimhoji mwanafunzi juu ya tasnifu yake. Nilianza nikiwa namtazama usoni, na tulipofika sura ya tatu nilikuwa namtazama vifungo vya shati. Kijana yule alikuwa na malezi mema, akageuza macho dirishani.

Aidha, mara nyingine mtungi hauna kosa hata kidogo. Wenzo umepinda, au umebanwa na kitambaa cha kikalio, nao hukibonyeza kitufe mchana kutwa. Kiti cha namna hiyo huponywa kwa kuunyoosha wenzo, kazi ya nusu dakika. Kwa hiyo mwenye busara hukipindua kiti chake kwanza, akautazama wenzo. Kisha hukisimamisha, akauinua wenzo pasipo kukikalia: kama kiti hakipandi kabisa, gesi imekwisha kutoka; kama chapanda vizuri lakini chashuka ukikikalia, basi vali haifungi au mpira haubani. Sijamwona mwenzangu yeyote akikipindua kiti chake. Nimewaona wakiongeza mito.

Sasa tulitazame tendo la yule mama, kwa maana limedharauliwa na watu ambao hawakulitazama. Alikilaza kiti chini, akaivuta nguzo hadi ikafikia kimo alichokitaka, akaipima sehemu ya mtungi iliyo wazi kati ya kikalio na ganda la nje. Alipata sentimita 11. Akakata bomba la maji la plastiki kwa urefu huo huo, akalipasua upande mmoja kwa msumeno, akalipanua kwa mikono na kulivika. Bomba likajibana lenyewe. Tangu hapo uzito wake haukubebwa na gesi ila na plastiki ile ngumu, nayo haina pa kwenda. Alichokipoteza ni uwezo wa kukipandisha na kukishusha kiti, lakini ni nani atakayekipandisha na kukishusha? Anakikalia peke yake, saa nane kila siku, kwa kimo kimoja. Hakutoboa chochote wala hakuchomelea chochote. Bomba lile laweza kutolewa kwa dakika moja, kiti kikarudi katika ubovu wake kama taasisi ilivyokupenda.

Wako wengine ambao badala ya bomba hutumia mkanda wa chuma wenye skrubu, ule ambao mafundi wa magari hukazia mipira ya maji. Dawa hiyo ni dhaifu, kwa sababu mtungi ni laini na mkanda huteleza, isipokuwa umetangulizwa kipande cha mpira chini yake. Yeye hakuteleza. Alifikiri vizuri kuliko wengi.

Tengenezo lililo kamili ni kubadili mtungi, nami nimelishuhudia. Kiti changu kiliponiabisha mbele ya mwanafunzi, nilikipakia katika bajaji nikaenda nacho Keko, mahali ambapo kila mkazi wa Dar es Salaam apajua kwa samani. Nilimkuta mzee mmoja, amekaa juu ya kigoda, amezungukwa na viti vya ofisi vilivyolala chali.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

Nikamweleza, kwa maneno mengi. Akanisikiliza kwa subira, kisha akakipindua kiti kabla sijamaliza. Alitia mafuta mahali nguzo inapoingia katika kikalio, akaingoja kidogo, akaikamata nguzo kwa spana ya mabomba, akaizungusha huku na huku hadi ikalia na kuachia. Hapakuwa na skrubu hata moja. Nilipomwuliza ni nini basi kilichokuwa kimeishika, alicheka. Mtungi umechongoka kidogo juu na chini, kama kizibo cha chupa, na uzito wa mkaaji ndio unaoushindilia mahali pake. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyokaza. Upande wa juu, katika viti vilivyo vingi, una upana wa milimita 28 hivi, na upande wa chini, unapoingia katika miguu mitano yenye magurudumu, milimita 50 hivi. Viwanda mbalimbali hufuata vipimo hivyo, kwa hiyo mtungi wa kiti hiki waweza kuingia katika kiti kile, ingawa majina yaliyobandikwa mgongoni mwao ni tofauti. Mzee akaugonga mtungi wa zamani kwa nyundo ukatoka katika miguu, akausimamisha mpya, akakivika kikalio juu yake, akaniamuru nikae kwa nguvu. Kazi nzima haikuzidi muda wa kunywa kahawa, na gharama yake, mtungi na ujira pamoja, ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya kiti kipya.

Alinionya jambo moja, nami nalipeleka kwa wasomaji kama lilivyo: mtungi wa zamani usitobolewe, usikatwe, wala usitupwe motoni, kwa kuwa hata ukiwa umedhoofika huenda ndani yake mna nguvu ya kumwua mtu. Kisha, nilipokuwa nikikifunga kiti kwenye bajaji, akasema, "Mwalimu, mtungi hufa. Kiti hakifi."

Nilirudi na neno hilo chuoni, nikaomba kuonyeshwa stoo ya vitu vilivyokataliwa. Viti vimepangwa humo hadi dari, miguu juu, kama popo. Niliacha kuhesabu nilipopita 40. Niliushika mmoja mmoja katika vile nilivyovifikia, na aghalabu sikuona ila ugonjwa ule ule: kikalio kizima, mgongo mzima, magurudumu yazunguka, mtungi umekufa. Vyote vyangoja kamati ya kuvifuta katika daftari, na baada ya kufutwa vitauzwa kwa mnada, naye atakayevinunua ni mtu wa Keko. Atavitia mitungi, atavifuta vumbi, na huenda tukavinunua tena. Huyo simlaumu, namwonea fahari. Anachuma faida kutokana na elimu yake, nasi twalipa ada kwa ujinga wetu.

Nilimwuliza mtunza stoo kwa nini havitengenezwi. Ni mtu mpole, naye alinionyesha fomu. Fomu ya kukagua mali ina nafasi mbili za kutia alama: "kizima" na "chakavu". Hapana ya tatu. Kiti kinachozama si kizima, basi ni chakavu. Ukitaka kununua mtungi peke yake, huna fungu la kununulia, maana mtungi si samani. Nao si vifaa vya kuandikia. Wala si vipuri, kwa sababu vipuri ni vya magari. Lakini kiti kipya kina fungu lake. Hivi ndivyo neno moja lililokosekana katika karatasi linavyoitoa fedha ya umma mfukoni. Sisi katika idara za lugha tumeshindana miaka mingi juu ya istilahi za elimu zisizo na wasemaji kumi, na hapa chini ya pua zetu fomu imekaa ikikosa neno ambalo kila mama wa nyumbani analo: "chatengenezeka".

Niruhusiwe kukaa kidogo juu ya neno hilo, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu. Kutengeneza, kwa asili yake, ni kukifanya kitu kitengenee, yaani kiwe katika hali yake njema. Kwa hiyo fundi anayeunda meza mpya aitengeneza, na fundi anayeirudishia mguu meza iliyovunjika naye aitengeneza. Kiswahili hakikuona haja ya kuwapa vitenzi viwili. Wako wanaosema kwamba huu ni upungufu, kwamba lugha iliyoendelea hutenga kuunda na kukarabati. Mimi naona kinyume chake. Msemaji wa Kiswahili aliuona mwisho wa kazi zote mbili kuwa mmoja, nao ni kitu kukaa sawa, wala hakumpa aliyetangulia cheo juu ya aliyefuata.

Hali kadhalika neno "fundi". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kuonyeshwa kwamba fundi, kufunda, kufunza, kufundisha na mwanafunzi ni watoto wa mzizi mmoja. Somo amfundaye mwari na seremala amfundishaye mtoto kushika randa wako karibu na neno hili kuliko mimi niliye na karatasi ya udaktari ukutani. Tumelichukua jina la wanafunzi wetu kutoka karakana, kisha tukaifungia karakana mlango.

Mwenzangu mmoja, msomi ambaye kazi zake naziheshimu, aliniambia chumbani mwa chai, "Dokta, tusiigeuze idara kuwa gereji." Wote wakacheka, nami nilicheka. Nilipokuwa nikirudi ofisini nilijiuliza kilichokuwa kinachekesha ni nini. Charles Darwin alikuwa na kiti kilichotiwa magurudumu katika chumba chake cha kazi huko Down, Uingereza, katika karne ya 19, ili aweze kusogea upesi kati ya vitu alivyokuwa akivichunguza. Umbo la kiti lilibadilishwa, na elimu ya viumbe haikupata hasara. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akaishutumu elimu tuliyoirithi kwa kuwatenga waliosoma na wanaofanya kazi kwa mikono yao, na kwa kuwatia wenye vitabu dharau juu ya wasio navyo. Andiko hilo twalifundisha. Twalitungia maswali ya mtihani. Na majibu yake twayasahihisha hali tumekaa juu ya viti vinavyozama, tukingoja serikali ilete vingine.

Wengine wasema saa ya mhadhiri ni ghali, haifai kupotezwa kwa spana. Ningewaamini kama ningekuwa sikuiona saa hiyo ikipotezwa kwa fomu. Maombi matatu ya yule mama yalipita kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa mtu wa mipango, kwa mtu wa manunuzi, na kila mmoja alitia sahihi na kuandika "kwa hatua zaidi". Yapime hayo kwa muda wa kikombe cha kahawa cha Keko.

Lakini kuna hoja moja yenye uzito, nami sitaipita kwa haraka. Mwalimu mmoja kijana aliniambia kwamba tukimsifu mtumishi aliyejitengenezea kiti kwa bomba la nyumbani kwake, tunampunguzia mwajiri wajibu wake. Kesho ataambiwa ajiletee na kiti chenyewe, kesho kutwa na meza. Umaskini utapewa jina zuri la ubunifu. Tena fundi aishie kazi yake. Kila mtu akijifanya fundi, mzee wa Keko atakula nini? Maneno haya ni ya kweli. Sitaki katibu muhtasi alete bomba kutoka nyumbani, kama nisivyotaka mgonjwa alete uzi wa kushonea kidonda chake. Nataka chuo kimlipe mzee wa Keko. Fungu la mitungi, nafasi ya tatu katika fomu, na siku moja katika kila muhula ambayo fundi atazunguka ofisi zote na spana yake: hayo ndiyo madai yangu, nayo hayahitaji mkutano wa wataalamu kutoka nje. Lakini mpaka hayo yatakapokuwapo, huwezi kumwambia mtu anayeumwa mgongo leo kwamba aendelee kuzama ili hoja yetu juu ya mwajiri isipungue nguvu. Mgongo ni wake.

Katika nchi ambazo viti hivi vilibuniwa, watu wameanza kuchoka kutupa. Ufaransa, kuanzia Januari 2021, ilitaka simu, kompyuta za mkononi na vyombo vingine kadha viuzwe vikiwa na alama, kati ya 10, ya kuonyesha jinsi vinavyotengenezeka. Mwezi wa Juni 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa bidhaa kama mashine za kufulia, majokofu na simu wavitengeneze vinapoharibika, kwa bei ya kadiri, hata muda wa dhamana ukiwa umepita. Watengenezaji watengeneze: kwa Kiswahili sheria karibu yote ni maneno mawili. Kiti cha ofisi hakimo katika orodha hiyo, na sitaki kuifanya kubwa kuliko ilivyo. Nasema tu kwamba wenzetu wanatumia bunge na mahakama kukirudisha kitu ambacho kwao kilikuwa kimekwisha kufa mitaani, yaani fundi wa pembeni anayekijua kitu hadi ndani. Kwetu hajafa. Yuko Keko, yuko Gikomba, yuko katika kila mji wa pwani na bara, na ofisi zetu zamwandikia barua ya kujieleza kila mtu anayemwiga.

Limebaki jambo ambalo ningependa kuliacha, lakini nimewashutumu wengine, basi haifai nijifiche. Miaka miwili kabla ya barua ile idara yetu ilipewa viti vipya viwili. Orodha ya walioomba ilikuwapo, na jina la yule mama lilikuwa la kwanza. Viti vilikwenda kwa mkuu wa idara na kwangu, kwa sababu ya cheo. Nilikipokea changu. Nilisaini. Sikuuliza ni nani aliyetangulia, ingawa nilijua. Mimi hukaa ofisini saa mbili au tatu kwa siku, kisha nasimama darasani, kisha maktaba. Yeye hukaa mahali pamoja tangu asubuhi mpaka jioni, akizipiga chapa barua zangu. Kiti kile kipya ndicho kilichozama mbele ya mwanafunzi, ndicho nilichokipeleka Keko. Siku nilipokwenda, sikufikiri kukipakia na cha kwake. Nafasi katika bajaji ilikuwapo.

Na si hilo tu. Alipopata barua ya kujieleza alikuja ofisini kwangu, akabisha hodi, akanipa jibu alilolirasimu. "Mwalimu, naomba unisahihishie Kiswahili, nisije nikaonekana sina adabu." Nilimsahihishia. Nilimwondolea "kwa kuwa" moja iliyorudiwa, nikampangia aya, nikambadilishia "nimechoka kuomba" ikawa "nimekuwa nikiomba mara kadhaa". Nikamrudishia, akanishukuru. Neno "nimechoka" lilikuwa ndilo neno la kweli katika barua nzima, nami, daktari wa lugha, ndiye niliyelitoa. Sikutia sahihi yangu chini ya yake. Sikumwandikia mtu yeyote. Ninaandika sasa, katika jarida linalosomwa na watu waliosoma, baada ya jambo lenyewe kwisha kuamuliwa.

Uamuzi ulikuwa onyo, nalo limewekwa katika jalada lake. Bomba lilitolewa mbele ya shahidi. Kiti kilipelekwa stoo na kutiwa alama ya "chakavu", na kwa kuwa hapana kingine, yule mama amepewa kiti cha mbao kutoka chumba cha mihadhara, chenye kibao cha kuandikia upande wa kulia, ambacho humgonga kiwiko kila anapogeuka kwenye mashine ya kuchapia. Kipande kile cha plastiki, sentimita 11, kimetiwa katika bahasha na kufungiwa kabatini kama kielelezo. Nimeuliza kama naweza kukichukua. Nimeambiwa niandike barua.